Apache Wicket kwa site ya kusoma tu: iko fiti, ila chunga Link

Tunatumia Apache Wicket (fremuweki ya Java ya kutengeneza site) kwenye site ya ratiba na bei za maboti ya Goma–Bukavu, na mi naona kwa paji ambazo mtu anakuja kuangalia saa ya boti halafu anaenda zake, iko fiti kuliko watu wanavyoisema.

Paji ikiwa haina kitu cha kukumbuka, Wicket haifungui sesheni (kumbukumbu ya mgeni) kwenye seva wala haitumi kuki ya JSESSIONID, ile inayobeba namba ya sesheni, kimya kabisa. JSP, njia nyingine ya Java ya kuandika paji, yenyewe inafungua kwa kila mgeni hata kama hukuomba, mpaka uandike session="false" kwenye paji. Na hapo njo RAM inaanza kulia, juu Tomcat (seva inayoendesha programu za Java) inashikilia sesheni dakika 30 kama hujabadilisha kitu, sasa roboti isiyorudisha kuki ikipita paji mia inakuachia sesheni mia, mu seva ndogo ya jigi moja ile tunakodi kwa dola zetu hizi utaisikia.

Ubaya wake: kitu kimoja tu ndani ya paji kikitaka kukumbukwa, paji nzima inageuka kuwa ya kufungua sesheni. Link ya kawaida ya Wicket inaharibu, Form ya kawaida vilevile, lazima uchukue zile zisizokumbuka kitu, StatelessLink na StatelessForm, au BookmarkablePageLink ambayo mi njo napenda zaidi. Na haikuambii kitu! Paji inafunguka vizuri tu, utashtukia mwisho wa anwani kuna ?0, ukiiona hiyo anza kutafuta mchawi. Angalia hata kibonyezo cha Kifaransa na Kiswahili, lugha ukiiweka kwenye sesheni basi sesheni itafunguliwa kwa ajili yake peke yake, sisi tuliiweka kwenye anwani, /sw/ratiba, kwisha, na mtu akimtumia mwenzake link kwa WhatsApp inafunguka kwa Kiswahili moja kwa moja.

Nyota nne. Nyingi ni za StatelessChecker, kikaguzi cha paji, iko mu wicket-devutils, maktaba ya zana za watengenezaji: unaweka alama ya @StatelessComponent juu ya paji, mtu wa timu akichomeka Link ya kawaida programu inagoma pale pale na inamtajia komponenti (kipande cha paji) yenye kosa. Ya tano nimeibakisha juu hiyo polisi haiji imewashwa, mpaka uiwashe mwenyewe, na anayeanza hata hajui kama iko.

Kama site yako ina login na kapu la manunuzi, sesheni utaihitaji tu, ila ifunguke mtu akishaingia, si pale anaposoma bei.