Chujio la sponji au la karatasi kwa pikipiki ya kupanda mawe

Kiangazi hapa Arusha, ukiacha lami upande wa Kisongo, vumbi ni laini kama unga wa sembe. Ndilo linalokula ringi za pistoni, ndiyo maana sichezi na chujio la hewa, ile eya klina ya mafundi.

La karatasi limezoeleka kwenye pikipiki nyingi za mjini. Halina kazi kubwa kulitunza: unalipuliza kwa upepo wa kompresa kutoka ndani kwenda nje, likichoka unanunua jipya. Lakini likilowa limekwisha, na pikipiki ya kupanda mawe hupita mitoni.

La sponji linataka mikono yako. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ulikamue kwa kulibana kiganjani. Ukilisokota kama nguo linaachia kwenye maungio ya gundi. Petroli usitumie, nayo huila gundi hiyo hiyo. Likikauka kabisa kivulini, lipake oili ya chujio, ulibinyebinye mpaka rangi ya oili ienee bila doa kavu. Hapo ndipo wengi hukosea: sponji kavu hupitisha vumbi, kwani oili ndiyo inayolinasa. Kisha paka grisi kidogo ukingoni linapokaa. Siku moja nilisahau hiyo grisi. Nilipofungua nikakuta mstari wa vumbi mdomoni mwa kabureta, moyo ukanipasuka.

Kwa safari za mjini karatasi inatosha. Kwa mawe na mito nachagua sponji, hata kama jioni yangu ya Jumapili itaishia kwenye beseni.