Seti ya rizoti kutoka Dar imefika Mbeya: suruali safi, shati mh!

Jamani mrejesho wa ile seti ya shati na suruali bwanga, rangi ya maziwa, inayozunguka sana Insta sahivi. Nimeichukua kwa elfu 55, ikaja na basi, mzigo umefungwa vizuri, hapo sina neno.

Kwa wasiojua, rizoti ni kolekisheni ya katikati ya misimu, matajiri wa Ulaya na Marekani walikuwa wanashonewa nguo nyepesi za kukimbilia kwenye joto kwao baridi ikikaza, ndo maana inaonyeshwa kuanzia mwezi wa 5 hivi halafu madukani inaingia kwenye Novemba. Siku hizi habari ya safari imebaki jina tu, watu wanavaia hata ofisini. Na Dior, wale wabunifu wa mitindo wa Ufaransa, walivyoonyesha ya kwao Marrakech 2019 walitumia vitenge vya kiwanda cha Uniwax cha Abidjan, kitenge hiki hiki ambacho mama zetu wanavaa kwenye vikoba, sasa mtu akikuambia kitenge kimepitwa muache tu.

Tatizo Novemba ya kwao kwetu ndo mvua inaanza. Nguo nyeupe pale Mwanjelwa siku imenyesha, bajaji ikipita mara moja tu umekwisha. Kwa hiyo mimi nimeivalia kiangazi, na hapo ndo nikaielewa hii nguo, maana asubuhi Mbeya tuko mita kama 1700 huko juu unatetemeka, mchana uko Matema ziwani unatoka jasho, na suruali ile ile imenifaa kote, juu nilivaa sweta la mtumba nikalivua tulivyopita Tukuyu. Mpira wa kiunoni haubani, mifuko ni ya kweli inaingia simu, pindo ndefu kiasi kwamba wafupi wenzangu mtakata.

Shati sasa. Linaonyesha mpaka mawazo yako. Nikalipeleka kwa fundi akalinyanyua kwenye mwanga akacheka, "dada hili bila bitana utalivalia chumbani", elfu 8 hiyo imeondoka. Halafu tangazo linasema lineni ila lebo ya ndani inasema zaidi ya nusu ni polista, na ukidondoshea maji unaona yanakaa juu kwanza badala ya kunywewa haraka. Uzuri wake halikunji kama lineni yenyewe, ukitoka kwenye kosta bado uko smati, ila joto la Kyela na polista ni ugomvi.

Kuchuja haijachuja, nafua kwa mkono na maji ya baridi.

Nilimwambia muuzaji kuhusu ile lebo akajibu "sawa mpenzi" basi. Ila nilivyombana akasema anauza suruali peke yake elfu 30, kwa hiyo walioko Iringa na Makambako chukueni hiyo, shati tafuteni kitambaa mshone.