TAHADHARI: Muuza "nyaraka kamili za kuuzia nyumba", msisaini kabla ya kusoma ukurasa wa 14

Wakuu, hii ni kwa aliye mbioni kuuza nyumba na anataka kujiandalia karatasi mwenyewe ili asimlipe wakili. Sikulaumu, na mimi nilipiga hesabu hiyohiyo. Ila kuna jamaa anatangaza mtandaoni "nyaraka kamili, jaza mwenyewe, wakili wa nini?" na nusura aiuze nyumba yangu huku nikidhani ananisaidia kuiuza.

Bei yake ni ndogo, ndiyo maana sikujiuliza sana. Ukishalipa anakutumia fomu ya "taarifa za mteja": jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya hati, ukubwa wa kiwanja, kama kuna rehani, kama una mwenza. Nikajaza yote. Maswali yenyewe yalikuwa ya maana, hata wakili angekuuliza hayohayo, na hapo ndipo nilipomwamini. Baada ya siku mbili likaja faili la kurasa 19.

Mkataba ulikuwa kituko. Tarehe ya kukabidhi nyumba imeandikwa 31 Juni. Ukurasa wa tano una jina la mtu mwingine kabisa, nadhani mteja aliyenitangulia, na namba yake ya kitambulisho juu yake. Maskini hajui kama imenifikia. Hakuna kifungu kinachosema itakuwaje mnunuzi akitoa kishika uchumba kisha akaingia mitini. Hakuna neno juu ya vitu vinavyobaki ndani, jambo ambalo watu hulidharau mpaka siku ya funguo, mnunuzi anakuta tanki la maji limeng'olewa na ugomvi unaanza. Nikasema potelea mbali, nitarekebisha mwenyewe.

Sasa huo ukurasa wa 14. Juu umeandikwa "Idhini ya Kufuatilia Usajili". Jamaa alinieleza kwamba ni ya kumwezesha kunifuatilia uhamisho ofisi ya ardhi, nisipange foleni. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Dada yangu, niliyemwita awe shahidi, akagoma kusaini asichokisoma. Huwa ananichosha sana kwa tabia hiyo. Akaanza kusoma kwa sauti: namteua ndugu, halafu nafasi tupu, "kuuza, kuweka rehani, kuhamisha na kupokea fedha zote kwa niaba yangu, na idhini hii haitabatilishwa." Akashusha karatasi, akaniangalia.

"Kaka, hapa unauza au unagawa?"

Karatasi ile ilikuwa hati ya uwakilishi iliyobadilishwa jina. Anayeishika, ikiwa na sahihi yako na ya shahidi, anaweza kuitumia kusimama mahali pako: anauza, anapokea pesa, na wewe unakuja kujua siku wenye nyumba wapya wanagonga geti. Kichwa cha karatasi kinaweza kuandikwa lolote, kinachokubana ni maneno ya ndani. Na ile nafasi tupu ya jina ingejazwa baada ya mimi kusaini.

Kumbe alikuwa ameshaniomba pia nimtumie hati miliki halisi "aihakiki". Hapo ilibidi nishtuke mapema. Hati huhakikiwa kwenye daftari la msajili kwa namba yake, na mnunuzi wa kweli anatosheka na nakala hadi siku ya kukamilisha malipo. Anayetaka halisi mkononi mwake kabla ya pesa ana safari yake nyingine.

Nilipomuuliza kuhusu ukurasa ule akajibu, "Ni fomu ya kawaida bosi, wateja wote wanasaini." Nikamwambia aandike basi jina la anayepewa hayo mamlaka. Kimya. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu na "mnunuzi" mwenye haraka, pesa taslimu, haoni hata haja ya kuja kuona nyumba. Akautaja ukubwa wa kiwanja mpaka sehemu ya desimali. Tangazo langu halikuwa na ukubwa. Mahali pekee nilipouandika ni kwenye ile fomu. Nikakata simu. Kesho yake jamaa akaniblok, na pesa ya nyaraka ndiyo imekwenda hivyo.

Nyumba niliiuza baadaye, na mkataba niliandika mwenyewe. Maelezo ya kiwanja niliyanakili herufi kwa herufi kutoka kwenye hati. Mke wangu alisaini ridhaa yake mbele ya mashahidi. Kila ukurasa tuliuwekea herufi za majina yetu, pande zote mbili, na kila nafasi iliyobaki tupu tukaipiga mstari. Fomu ya uhamisho sikuigusa kwa kalamu mpaka benki yangu iliponithibitishia kwamba pesa imeingia. Picha ya muamala kwenye simu ya mnunuzi mtu anaitengeneza kwa dakika mbili. Kisha nikamlipa wakili apitie tu nilichoandika. Alikuta makosa mawili, moja lingenigharimu: sikusema nani analipa kodi na ada za uhamisho.

Kama umeshamtumia huyo jamaa karatasi yenye sahihi yako, usimpigie kumbembeleza. Nenda leo kwa wakili, uandike kubatilisha, hata kama imeandikwa haibatiliki, na uombe kwa msajili zuio liwekwe kwenye hati yako. Kama hati halisi iko kwake, pitia polisi pia.

Juzi nimeliona tangazo lake tena. Kabadilisha picha na jina, maneno ni yaleyale, na sasa kaongeza "tunaandaa na mikataba ya kupangisha".