Nat King Cole: rekodi za mwanzo au za 1961?

Mikusanyiko ya nyimbo za Nat King Cole, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, ni mingi, lakini mara nyingi uchaguzi ni huu: rekodi za mwanzo, zilizoanza katika kampuni ya rekodi ya Capitol mwaka 1943, au zile alizorudia mwenyewe kwa stirio kwa ajili ya *The Nat King Cole Story* ya 1961, santuri tatu zenye nyimbo 36.

Kwa anayemsikia mara ya kwanza, ningempa za 1961. Sauti ni safi, fidla zimetandazwa kulia na kushoto, naye yuko katikati kana kwamba ameketi sebuleni kwako. Ule wimbo wake wa Krismasi unaopigwa redioni kila Desemba kwa kawaida ni toleo la mwaka huo, ingawa aliurekodi kwanza 1946.

Lakini shabiki wake wa siku nyingi, tafadhali, atafute za mwanzo. Sikiliza "Straighten Up and Fly Right": piano yake, gitaa la Oscar Moore, besi ya Johnny Miller, hakuna ngoma. Gitaa linamjibu kama rafiki anayedakia maneno, na unamsikia Cole mpiga piano wa jazi kabla fidla hazijamfunika. Hapo sauti ni nyepesi, ya kijana. Kufikia 1961 imekuwa nzito na ina mkwaruzo kidogo, nami naupenda mno.

Mwenye nafasi asikilize wimbo mmoja kwa matoleo yote mawili, usiku, bila haraka.