Kununua umeme katika soko huria la Texas: uzoefu wangu nikiwa Houston

Mtu aliyezoea kununua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Dar es Salaam, ambako TANESCO ndiyo inayouza umeme na EWURA ndiyo inayoidhinisha bei, akihamia Houston hukutana na swali ambalo hajawahi kuulizwa: umeme wako utaununua kwa nani? Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kulegeza udhibiti wa sekta hiyo mwaka 1999, na tangu tarehe 1 Januari 2002 wakazi wa sehemu kubwa ya jimbo huchagua wenyewe kampuni ya kuwauzia, ingawa nguzo, nyaya na mita hubaki chini ya kampuni moja katika kila eneo, ambayo hapa kwetu ni CenterPoint.

Lililo jema nalikiri kwa moyo wote. Kubadili kampuni hakuhitaji fundi wala foleni, na taa hazizimiki, kwa kuwa umeme ni uleule kwenye waya uleule. Tume ya huduma za umma ya jimbo ina tovuti iitwayo Power to Choose inayoorodhesha mikataba, na kila kampuni inalazimika kutoa karatasi inayoonyesha bei ya wastani kwa anayetumia uniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi.

Ni katika karatasi hiyo ndimo mteja anamoumizwa. Mkataba niliouziwa ulitangazwa kuwa wa senti 7 kwa uniti. Bei yenyewe ilikuwa senti 17, ila kampuni ilipunguza dola 100 kwenye bili ya mwezi ambao matumizi yamefika uniti 1,000. Kwa hesabu hiyo, nyumba iliyotumia uniti 1,000 kamili hulipa dola 70, na iliyotumia 990 hulipa dola 168 na senti 30. Yaani anayebana matumizi ndiye anayeadhibiwa. Julai, kiyoyozi kikiunguruma usiku kucha, tulivuka kiwango hicho bila taabu. Novemba tulikizima, na bili ikazidi ile ya Julai. Nilipopiga simu kulalamika, mhudumu alinijibu kwa upole kwamba yote yameandikwa kwenye mkataba, na ni kweli yameandikwa. Ushindani tulioahidiwa katika bei umehamia kwenye ufundi wa kuiandika bei hiyo.

Dhoruba ya baridi ya Februari 2021 ilionyesha mpaka wa uhuru huu wa kuchagua. Bei ya jumla, ambayo kampuni zenyewe hununulia umeme, iliwekwa dola 9,000 kwa megawati-saa (uniti 1,000) kwa siku kadhaa, na wateja wa kampuni ya Griddy, waliokuwa wakilipa kufuata bei hiyo, walipata bili za maelfu ya dola. Baadaye mwaka huohuo mikataba ya aina hiyo ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani. Wenye bei isiyobadilika walinusurika na bili, lakini giza halikuuliza mtu ana mkataba gani: zaidi ya nyumba milioni 4 zilikatiwa umeme.

Anayenisikitisha zaidi ni jirani yetu, mama wa makamo kutoka Goma asiyesoma Kiingereza. Aliponiletea bili zake nizitazame, tuligundua kuwa mkataba wake ulikwisha zamani, na kampuni ilimhamishia kimyakimya kwenye bei ya mwezi kwa mwezi, iliyo juu zaidi. Barua ya kumtaarifu ilikuwa kwenye bahasha aliyodhani ni ya matangazo.

Kwa mwenye muda wa kupiga hesabu, huduma hii naipa alama 3 kati ya 5. Kwa mama yule, 1. Ninapendekeza mkataba wa bei moja usio na punguzo la masharti, na utafute mwingine katika siku 14 za mwisho za mkataba wako, ambapo kuhama hakuna faini. Kwa upande wa tume, ningependa ilazimishe kila kampuni kumwonyesha mteja bei kwa matumizi yake halisi ya mwaka uliopita, kwani mita zetu tayari hurekodi matumizi kila dakika 15.