Sedani ya kifahari yenye kasi: tazama injini kwanza, nembo baadaye

Fungua matangazo yoyote ya magari ya Dar es Salaam, lugha ni ileile: "Crown Athlete namba E, haina kipengele, AC inapiga, maongezi yapo." Rangi utaambiwa, rimu utaonyeshwa, viti vya ngozi vitapigwa picha tatu. Injini hutajwa kwa nadra, na ikitajwa ni "cc 2500" basi. Ilhali Crown Athlete ya mwaka 2014 inaweza kuwa na V6 (silinda sita) ya lita 2.5, V6 ya lita 3.5 au haibridi (petroli na umeme) ya silinda nne, na kila moja ina unywaji wake wa mafuta na magonjwa yake. BMW 320i ndiyo mtego zaidi: magari mawili yanafanana bampa kwa bampa, moja la kulikimbia, jingine la kulikimbilia.

Kwa hiyo hapa sipangi kampuni. Napanga gari pamoja na injini yake, kwa mtu anayetaka sedani ya ukubwa wa kati yenye starehe, inayochomoka ikikanyagwa, na ambayo mwaka wa tano bado itakuwa inawaka asubuhi bila dua.

Kodi kabla ya ndoto

Tanzania hailikatazi gari kwa sababu ya uzee, inalitoza. Ushuru wa forodha ni 25%, VAT 18%, na ushuru wa bidhaa hupanda kwa ukubwa wa injini: 5% kati ya cc 1001 na 2000, 10% ikizidi hapo. Juu yake kuna tozo ya umri: 15% kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30% likizidi miaka 10. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti ya Juni, basi kabla ya kumlipa muuzaji wa Japani ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, chagua aina, mwaka na injini, uone jumla. Thamani inayotumika pale ni ya TRA wenyewe. Ankara yako ya bei poa ya mnadani haiwashawishi.

Kutoka hapo yanajitokeza mambo mawili. La kwanza, cc 2500 na cc 3500 zinabeba asilimia ileile ya ushuru wa bidhaa, kwa hiyo anayekwepa injini kubwa kwa kuogopa kodi peke yake anakosea hesabu. Kinachomgharimu ni petroli. La pili, gari la miaka 12 lenye bei ya kutupa kule Japani likipigwa ile 30% linaweza kufika bandarini likiwa limekaribiana bei na la miaka 7. Kokotoa yote mawili.

Kenya mambo ni mengine: gari lisizidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, na usukani uwe kulia. Uganda ilifunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018.

1. Toyota Crown Athlete haibridi (2012–2018)

Namba ya chasisi huanza na AWS210. Injini ni 2AR-FSE ya lita 2.5, silinda nne, ikisaidiana na mota ya umeme kufikisha nguvu ya farasi 220. Watu wengi hawajui kwamba hiyo inaizidi V6 ya lita 2.5 ya Crown ileile, yenye 203. Kwenye foleni ya Mwenge gari linatambaa kwa umeme injini imelala, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nimeiweka ya kwanza.

Hofu ya watu ni betri. Hofu ya haki, ila mara nyingi kinachoiua betri ni joto, na joto linatokana na feni yake ya kupoza kuziba vumbi na manyoya ya kapeti. Mwambie fundi aifungue aitazame kabla hujanunua, kisha isafishwe kila unapofanya sevisi kubwa. Mpe pia kazi ya kupima betri kwa mashine, seli kwa seli. Fundi anayesema "hii nzima, naisikia" mshukuru, utafute mwingine.

Ukitaka mbio za kweli, 3.5 ya umbo hilohilo ina 315 na giaboksi ya gia nane. Tamu sana, lakini uwe na mkataba na kituo cha mafuta. Kuanzia Oktoba 2015 ikaongezeka ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu 235, nayo inaangukia kwenye ushuru wa 5%. Hazijai sana sokoni. Ukiipata yenye karatasi safi, ni chaguo la mjanja.

2. Toyota Mark X, umbo la 130 (2009–2019)

Hii ndiyo bei nafuu kuliko zote kwa kile inachotoa: tairi za nyuma zinasukuma, V6, nafasi ya ndani ya kutosha familia ya watu watano. Spea zimejaa maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na fundi wa mtaani anaifahamu.

Nyingi ni 250G zenye injini ya 4GR-FSE, ile V6 ya lita 2.5 niliyoitaja. Ugonjwa wake ni wa kimaumbile. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha. Masizi yanajijenga mwaka hadi mwaka. Utaijua ikiwa imesimama na AC imewashwa: sindano ya mizunguko inacheza, usukani unatetema kidogo, halafu ukikanyaga mtetemo unapotea. Muuzaji atakuambia ni plagi. Dawa ni kufungua njia ya hewa na kusafisha valvu zenyewe, kazi ya siku nzima kwa fundi makini. Si sababu ya kuliacha gari, ni sababu ya kushusha bei.

350S yenye 2GR-FSE haina tatizo hilo kwa kiwango kile, kwa kuwa ina nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa. Nguvu yake ni 318. Ina mashabiki wengi vijana, na ndiyo maana asilimia kubwa utakazoziona zimeshachezewa: springi zimekatwa, ekzosti imebadilishwa, programu ya injini imeguswa. Nunua ambayo haijaguswa au acha. Kwa familia ya injini hizi za V6 tazama pia pampu ya maji, upande wa mkanda: ukiona ukoko wa rangi ya waridi uliokauka, inavuja.

Kwa walio Kenya, Mark X ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2019. Ukilinganisha na sheria ya miaka minane, mlango wa kuagiza unafungwa.

3. Lexus GS (2012–2020)

Fungua boneti: ni jamaa zetu walewale. GS 250 ina 4GR, GS 350 ya hadi 2015 ina 2GR-FSE, GS 300h ina 2AR-FSE ya Crown haibridi. Kwa upande wa injini basi huna la kuogopa jipya. Unalipia ukimya, viti, na umadhubuti kwenye kona ambao Crown haiufikii. Shida ni bodi. Taa ya mbele, bampa, hata kioo cha pembeni havipatikani kwa wepesi wa Toyota, na ukigongwa utasubiri mzigo kutoka Japani au Dubai. Ingekuwa bei ya spea za bodi iko sawa, ningeiweka namba moja.

4. BMW 320i yenye injini ya B48

Hapa soma polepole. Umbo la F30 lilianza 2012, na miaka ya mwanzo 320i ilikuja na injini ya N20. Ndani ya N20 cheni ya taimingi inaongozwa na vipande vya plastiki, na kwa magari yaliyoundwa hadi mapema 2015 plastiki hizo zinachakaa na kumeguka. Vipande vinashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), vinaziba mdomo wa pampu ya oili, cheni inalegea. Anayebahatika husikia mluzi mwembamba unaopanda na mizunguko. Asiyebahatika hununua injini nyingine.

B48 iliyochukua nafasi yake ni bora kwa mbali. Mabadiliko yalianza 2015, na hayakufika kila soko siku moja, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye tangazo haukuhakikishii kitu. Chukua herufi na tarakimu zote 17 za chasisi, ziingize kwenye tovuti za kusomea namba za BMW, na injini itajitaja yenyewe.

Mambo mengine ya BMW: giaboksi ya ZF ya gia nane inasifiwa kuwa oili yake haibadilishwi maisha yote. ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Wasikilize waliotengeneza. Betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta ya gari. Nyingi hazina tairi la spea, zina matairi magumu yanayotembea hata yakipoteza upepo. Barabara ya vumbi na mashimo haiyapendi. Kama mjini kwako hakuna fundi mwenye mashine ya BMW na uzoefu wa kuitumia, ruka namba 4 yote.

5. Mercedes C-Class, umbo la W205 (2014–2021)

Kwa kuvutia macho mlangoni pa harusi hakuna inayoishinda. Kwa kuendesha, ni laini kuliko BMW na haina haraka sana: C180 ya lita 1.6 kutoka Japani ina 156 tu. C200 ya lita 2.0 yenye 184 ndiyo ya kutafuta. Zote mbili zinatumia injini ya M274, na zina tabia moja ya ajabu. Sumaku za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) zinavuja, oili inapanda ndani ya nyaya na kutembea nazo hadi kwenye kompyuta ya injini. Kipimo ni cha dakika mbili: chomoa soketi ya sumaku, itazame ndani. Ikiwa kavu, endelea na mazungumzo. Ikiwa na oili, jua bei imeshabadilika.

C200 za baada ya maboresho ya 2018 zina injini ya lita 1.5 na mfumo wa volti 48. Ni gari zuri, lakini mfumo huo si wa fundi umeme wa kawaida. Zile za zamani za W204 zenye M271 zina historia ya cheni kulegea na meno ya gia za kamshafti kuliwa. Zikiwaka baridi zikagonga sekunde chache, ondoka.

6. Nissan Skyline na Fuga

Nguvu ipo: 370GT ina 333. Ila injini ya VQ37 ina gasketi za njia ya oili nyuma ya kifuniko cha mbele ambazo zikichanika presha ya oili inashuka, na kuzifikia ni kazi kubwa. Kiu yake nayo ni ya lori. Kuna kichekesho kimoja hapa: Skyline 200GT-t iliyoanza 2014 imebeba ile M274 ya Mercedes. Yaani unanunua Nissan, unatibu Mercedes.

7. Audi A4 ya 2008 hadi 2015

Injini ya 2.0 TFSI ya kipindi hicho hunywa oili, na kikaza cheni chake hakiaminiki. Naiacha hapo.

Na jipya la dukani?

C-Class ya sasa, W206, ilianza 2021. BMW ya umbo la G20, iliyochukua nafasi ya F30, ni ya mwishoni mwa 2018. Ukinunua kwa wakala una dhamana, na dhamana ndiyo kitu pekee unacholipia zaidi. Kwa kampuni au mtu anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, sawa. Kwa anayenunua kwa akiba yake, bei ya jipya moja inatoa Crown safi na kiwanja.

Kulikagua

Kwa gari la Japani dai karatasi ya mnada, tena asili ya Kijapani, usikubali tafsiri tupu. Daraja 4 au 4.5 ni salama. R au RA maana yake limegongwa na kurekebishwa. XX kwenye mchoro ni sehemu iliyobadilishwa. Kilomita zilinganishe na cheti cha kuuza nje. Kwa lililotoka Uingereza, ingiza namba yake ya usajili ya huko kwenye tovuti ya serikali yao, bure, uone kilomita zilivyosomwa kila mwaka wa ukaguzi.

Likiwa yadi au kwa mtu, fika asubuhi na uombe lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti iwe baridi. Vuta mikanda ya viti hadi mwisho: chini kuna kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa, na mmoja ukiwa mpya kuliko mwenzake, uliza ajali ilikuwa lini. Tarehe za vioo zisome vilevile. Tairi lina tarakimu nne, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Redio za Japani nyingi haziufikii mkanda wetu wote wa FM, usishangae ukikosa stesheni yako.

Tenga walau asilimia 10 ya bei kwa mwezi wa kwanza: oili zote, breki, bushi, matairi. Kabla ya kulipa, angalia deni la faini za trafiki mtandaoni kwa namba ya gari, hakikisha jina kwenye kadi ni la anayekuuzia, na mkabidhiane pesa siku ileile mnayoanzisha kubadili umiliki TRA. Kadi ikiwa "iko kwa kaka Mwanza, inakuja", subiri ije.