Kioo "kiko tayari" kwa mdomo tu

Kama umesaga kioo cha darubini mwenyewe na unatafuta wa kukumalizia kung'arisha, huyu fundi mpite mbali. Changu ni cha inchi 8. Nilikisaga hapa Minnesota kuanzia unga wa silikoni kabaidi namba 80 hadi ule laini kabisa, bega likagoma, nikampelekea amalizie kwa lami na unga wa seriamu. Kikarudi na kikaratasi: tayari kupakwa aluminiamu, ule utando unaorudisha mwanga.

Tayari wapi! Nilizima taa nikakipiga leza ya kijani (macho usiyaweke kwenye njia ya mwale unaorudi). Katikati, safi: pale mwale unapogusa uso wa kioo huoni kitu, doa liko upande wa nyuma tu. Nikausogeza taratibu kuelekea ukingoni. Upana wa kidole kimoja kabla ya mwisho, doa la juu likawaka kama taa ya bodaboda. Hivyo ni vishimo vya kusagia, havijaisha. Nikaweka tochi ubavuni nikatazama kwa lenzi ya kukuza: vimejaa pembeni kote, mzunguko mzima.

Nikampigia. Hata sijamaliza salamu, ananiambia amekipima kwa kipimo cha Foucault na umbo liko sawa. Mzee, nani kakuuliza umbo? Kipimo hicho cha tangu 1858 kinakwambia kioo kimepinda vipi. Kioo kinaweza kupinda vizuri na bado kikawa na ukungu. Eti aluminiamu itaficha! Utando wenyewe ni mwembamba mno, unafuata kila kishimo ulichokiacha. Mwanga unatawanyika pale pale, Mshtarii unauona umezungukwa na weupe weupe, na ukitaka kurudi kung'arisha lazima kwanza uuondoe huo utando uliokwisha kuulipia.

Akanijibu kwamba siku hizi kila mwenye leza ya kuchezea paka anajiona injinia. Akakata simu.

Haki yake nimpe: umbo kweli ni zuri, mkwaruzo sikuona hata mmoja, na bei haikuuma. Kazi ngumu kaifanya, kilichobaki ni saa chache za kusugua ukingo. Nilikuwa nampa nyota tatu. Lakini hizo saa chache ndizo nilizomlipia yeye, si mimi! Na ile ya paka bado inanikereketa. Nyota mbili. Hapana, moja, tena ya boksi. Kufunga mzigo anajua.